Kujitolea Bila Funguo

Ndugu msomaji, nina ugomvi na neno moja. Neno lenyewe ni kujitolea. Linapotumika msikitini au shambani sina neno nalo, huko lina wenyewe na maana yake inajulikana. Ugomvi wangu ni pale linapotumika kwenye nyumba za serikali katika miji yetu midogo ya Pemba, mtu akaitwa mjumbe wa kamati, akapewa lawama zote za jengo, halafu asipewe hata ufunguo wa chumba cha pampu. Mtu huyo, nasema mie, hakujitolea. Ametolewa.

Nianze na majengo yenyewe, kwani wengi wetu tumezaliwa tumeyakuta na tunadhani yameota tu kama mikarafuu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilikusudia kuwatoa watu kwenye vibanda na kuwatia kwenye majumba ya kisasa. Ujerumani ya Mashariki ikasaidia, na kule Unguja yakaanza majengo ya Kilimani na Kikwajuni, kisha yakafuata yale marefu ya Michenzani. Pemba nayo haikuachwa. Madungu pale Chake Chake, Mtemani kule Wete, na Mkoani, yakasimama majumba ya ghorofa ambayo mpaka leo watu wanayaita nyumba za maendeleo. Wengi walioingia hawakutozwa bei ya nyumba. Walipewa.

Sitaki kulidharau hilo. Mtu aliyelala chini ya makuti yanayovuja, akapewa ghorofa yenye mfereji na taa, huwezi kumwambia kwamba hakupata kitu. Alipata. Lakini tuulize: nani alijenga? Walijenga wataalamu, zikajenga fedha za karafuu zilizochumwa na mikono ya Wapemba, na wakajenga wananchi waliokwenda kubeba mawe na mchanga siku ya mapumziko. Kazi hiyo nayo iliitwa kujitolea. Waulizeni wazee waliokuwepo, watawaambieni kwamba kujitolea kule kulikuwa na orodha, na asiyefika alitafutwa aeleze kwa nini. Kwa hiyo neno hili lina historia yake katika kuta zile. Liliingia pamoja na zege.

Basi jengo limekwisha, watu wamehamia. Nyumba ya ndani ni ya fulani, sawa. Na ngazi ni ya nani? Paa ni la nani? Tangi la maji, shimo la maji machafu, taa ya ukumbini, ukuta wa nje unaomeguka na kuonesha nondo, ni vya nani? Hapo ndipo kila mtu alipotazama upande wa pili. Aliyepewa alisema ni vya serikali. Serikali ikasema tumeshawapa wananchi. Ukipanda ngazi za majengo mengi ya umri ule unaiona khatima ya mazungumzo hayo kwa macho yako, tena ukiwa usiku unaipapasa kwa mikono.

Na tusidhani kwamba jengo husubiri watu wamalize kuzungumza. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba kubwa kuliko yote pale Forodhani, iliporomoka na kuuwa watu 2. Jumba hilo liko katika eneo la Mji Mkongwe lililotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, na dunia nzima inalijua. Ikiwa jumba la fahari namna ile limeanguka, ghorofa ya watu wanyonge kwenye mji mdogo nani atailinda?

Utaniambia sheria zipo. Zipo, nakubali. Mwaka 2010 Zanzibar ilipata sheria ya kondominiamu, inayomtambua mtu kuwa mmiliki wa nyumba yake ndani ya jengo na kuwa na sehemu yake katika vile vya pamoja, ngazi na paa na uwanja. Mwaka 2014 likaundwa Shirika la Nyumba Zanzibar kwa sheria yake. Wenzetu wa Bara shirika lao la nyumba wanalo tangu 1962. Kwa hiyo karatasi hazijakosekana.

Lakini zitazameni hizo karatasi zinavyopangwa juu ya watu. Juu kabisa ipo bodi. Kwa desturi ya mashirika yetu ya umma, mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais na wajumbe huteuliwa na Waziri. Wakikaa kikao wana posho, wana maji ya chupa, wana faili mbele yao. Chini yao ipo ofisi, yenye mishahara na mihuri. Chini ya ofisi ndipo ilipo kamati ya wakaazi, ambayo haina posho, haina muhuri, wala faili. Ina kujitolea.

Sasa nieleze ninachokijua mwenyewe. Mie ni mtu wa Ole. Lakini kama vijana wengi wa Ole, nilipomaliza skuli nilikwenda mjini kutafuta riziki, nikakaa kwa shangazi yangu katika jengo moja la serikali, hapa hapa Pemba. Sitolitaja jengo, wala mji, wala ofisi inayohusika. Haikupita muda nikafanywa katibu wa kamati. Sababu ni moja tu: eti huyu kijana anajua kuandika. Wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, lijueni hilo. Kabla hujatoa kitabu chako cha kwanza, utaandika barua za choo.

Kamati yetu ilikuwa ya watu 7. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Alikuwemo bi mmoja muuza maandazi, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa akilijua jengo lote kuliko sisi sote, kwani alfajiri yeye ndiye wa mwanzo kuamka na kujua kama maji yamepanda au hayakupanda. Katika mwaka mmoja niliandika barua 11 kuhusu tangi la juu lililopasuka. Jawabu tulipata moja: suala lenu linafanyiwa kazi. Tukaamua kuchanga, kila nyumba shilingi 2,000, tukamleta fundi akaziba ufa. Maji yakapanda. Wiki ya pili ikaja barua, mara hii ilikuja mbio, inauliza nani katupa ruhusa ya kugusa mali ya serikali.

Umeona mchezo? Likivuja ni lenu, jitoleeni. Likizibwa ni letu, nani kakuruhusuni?

Hilo la tangi lakini ni dogo. Kubwa ni orodha. Katika jengo lile alikuwepo mama mmoja mjane. Nyumba ilikuwa kwa jina la marehemu mumewe, na yeye amekaa humo miaka zaidi ya 30, kazalia humo na kuuguza humo. Alipofiwa aliambiwa aende ofisini na barua ya kamati ya kumthibitisha. Tukaiandika, tukatia saini watu 7, mwenyekiti akavaa kanzu yake safi akaipeleka kwa mkono wake. Ikapokelewa. Miezi ikapita. Siku moja akaja mtu na karatasi kwamba nyumba ile kaandikiwa yeye. Kamati ilizijua habari hizo namna moja na watoto waliokuwa wakicheza uwanjani, yaani kwa kuona gari la vyombo limesimama chini. Yule mama akaenda kukaa kwa mwanawe, chumba kimoja watu 6. Na sie tuliotia saini tukabaki tunatazamana. Kwani saini ile ilikuwa ya nini?

Ndipo ninaposema: kamati inayoweza kufagia ngazi lakini haiwezi kuiona orodha ya wenye nyumba, hiyo ni timu ya usafi, haina haki ya kuitwa usimamizi. Tuwe wakweli. Anayesimamia nyumba za watu ni yule mwenye vitu vitatu, orodha, daftari la fedha na funguo. Aliyebaki nje ya hivyo vitatu, mpe cheo chochote, muite mheshimiwa ukipenda, yeye ni mpangaji tu aliyeongezewa kazi.

Najua nitakavyojibiwa, na majibu yenyewe nimeyasikia barazani mara nyingi.

La kwanza: watu hawa hawalipi, mtu asiyelipa ana haki gani ya kusimamia? Jawabu langu, hebu fungueni daftari tuone nani halipi. Mtu huchangia anachokiona. Sisi tulichanga shilingi 2,000 nyumba kwa nyumba na walikosa wawili tu, mmoja mgonjwa na mmoja yuko safarini. Watu wetu si wagumu kulipa, wagumu kulipia kiza.

La pili: mkileta uchaguzi kwenye majengo, mtaleta siasa. Hili nalipa heshima yake, kwani Pemba si mahali pa kuchezea neno uchaguzi. Tangu vyama vingi viliporudi 1992 na uchaguzi wa 1995, tumeona ndugu hawazikani, tumeona mtu kugomewa dukani, na Januari 2001 tumezika watu. Hofu hiyo naielewa. Lakini nauliza, kwani kuteua si siasa? Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, hapigiwi kura na mtu, na hakuna Mpemba asiyejua barua ya sheha ina uzito gani na inavyoweza kukawia kwa baadhi ya watu. Siasa imeshaingia zamani, tena kwa mlango wa mbele. Tunachokidai ni kwamba siasa ya ngazi na tangi ifanywe na wanaopanda ngazi hiyo na kunywa maji ya tangi hilo.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: kujitolea ni thawabu, ukiuliza mamlaka na nauli umeshaiharibu nia yako. Ah! Mbona hadithi hiyo hawasomewi wenye posho? Thawabu ni ya Mungu, haisimamiwi na wizara.

Nirudi kwetu Ole kidogo, kwa sababu watu wa mjini hudhani shamba hatujui mambo ya kamati. Ole, katika wilaya ya Chake Chake, hatuna majumba ya ghorofa ya kuyagombania. Nyumba zetu tunazijenga wenyewe, mawe na udongo, siku hizi matofali, na mwaka wa mavuno mazuri ya karafuu ndio mwaka wa kuezeka bati. Siku ya kukandika hualikwa jamaa na majirani, udongo ukakanyagwa, wanawake wakapika, jioni ukuta umesimama. Hapo watu wanajitolea kweli kweli, na hakuna anayelalamika. Kwa nini? Kwa sababu mwenye nyumba anajulikana, anayekandikiwa leo kesho atakuja kwako, na akikwepa utamuuliza usoni. Mtunza fedha wa msikiti akinunua mkeka, mkeka unaonekana, watu wanausalia. Kujitolea kwetu kuna jicho la kukutazama na kuna mdomo wa kukuuliza.

Wala sisemi Ole ni peponi. Kamati zetu nazo zina maradhi yao. Wanawake ndio wachotao maji na wanaume ndio wakaao kikao cha maji. Na yupo mjumbe akishakalia kiti cha kujitolea hakitoki tena, kimekuwa kama cha urithi, akifa atakirithi mwanawe. Huyo naye nampiga kwa bakora hii hii. Kutolipwa hakumpi mtu ruhusa ya kutoulizwa. Mtu anaweza kuiba bila mshahara, na anaweza pia kulala usingizi bila mshahara. Kusema "mie najitolea tu" kila unapoulizwa hesabu, hiyo ni kinga ya wavivu.

Tutazame na wenzetu. Marekani, taifa ambalo hatulitaji kwa mapenzi ya wanyonge, ina mamlaka za nyumba za umma katika miji mingi, mikubwa na midogo. Katika miji midogo wajumbe wa bodi kwa kawaida huteuliwa na meya na hawana mshahara, ni watu wa kujitolea kama sisi. Tafauti ni kwamba bodi hiyo ndiyo bodi yenyewe, ndiyo inayopitisha bajeti na kumuajiri mkurugenzi. Na mwaka 1998 likapitishwa jambo kubwa zaidi katika sheria yao: bodi hizo kwa jumla ziwe na angalau mjumbe mmoja anayehudumiwa na mamlaka hiyo hiyo, yaani mkaazi. Hata huko wametia mwanya. Mamlaka yenye nyumba chini ya 300, ikiwatangazia wakaazi na asijitokeze mtu, inaweza kuendelea bila ya mkaazi. Na mjumbe mmoja kati ya wengi ni sauti moja tu, anaweza kushindwa kwa kura kila siku. Lakini atakuwa ameiona orodha. Atakuwa ameliona daftari. Akirudi jengoni, wenzake watamuuliza na atakuwa na la kuwaambia.

Karibu zaidi na sisi ni Mombasa. Mtaa wa Buxton ulikuwa wa nyumba za baraza la mji, zilizojengwa wakati wa mkoloni. Mwaka 2021 wapangaji walitakiwa wahame, nyumba zivunjwe, yajengwe maghorofa mapya kwa ubia wa serikali ya kaunti na kampuni binafsi. Wapo waliokwenda mahakamani wakilalamika kwamba hawakushirikishwa vya kutosha. Majengo mapya yakapanda, na pengine ni mazuri kuliko ya zamani, sibishi. Ninachokisema ni kwamba mwenye nyumba na mwenye fedha walikaa mezani, na mkaazi aliletewa habari. Siku hiyo itafika na kwetu, maana majengo yamezeeka na watu wamezidi. Sensa ya 2012 iliihesabia Pemba watu 406,848, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 540,000. Watu wote hao watataka pa kulala, na viwanja vya nyumba za maendeleo viko katikati ya miji. Siku mwekezaji atakapokuja na ramani yake, kamati ya kufagia ngazi itajibu nini?

Basi nataka nini? Sitaki bodi ivunjwe wala sitaki kamati ilipwe mishahara. Nataka mambo manne, na hata moja halihitaji msaada wa kutoka nje.

Kwanza, kamati ya kila jengo ichaguliwe na wakaazi wenyewe, kwa muda maalumu, miaka 2 au 3, kisha mtu apishe. Wanawake wawemo kwa idadi inayohesabika, tena kwenye nafasi ya uwenyekiti na ya fedha, isiwe kwenye chai tu.

Pili, orodha ya wenye nyumba na daftari la makusanyo na matumizi vibandikwe chini ya ngazi, kila mwezi, kwa Kiswahili kinachosomeka. Na nyumba isibadilishwe jina bila kamati kuarifiwa na kusikilizwa kwa maandishi.

Tatu, mjumbe wa kujitolea arudishiwe nauli yake na gharama ya barua zake. Asiyekuwa na nauli hawezi kujitolea, na kamati ikibaki ya wenye nauli tu, maskini wa jengo hatokuwa na mwakilishi.

Nne, katika bodi ya shirika kiwepo kiti cha mkaazi wa Unguja na kiti cha mkaazi wa Pemba, wachaguliwe na kamati za majengo, wala wasiokotwe na mtu. Akikaa pale yule bi muuza maandazi, akasikia mjumbe mwenzake anasema hali ya maji ni ya kuridhisha, wallahi kikao hicho hakitokwisha salama. Na hicho ndicho kikao tunachokitaka.

Mwisho nazungumza na nyinyi vijana wenzangu mnaosoma kurasa hizi. Tunapenda kuandika juu ya mapenzi na mwezi na bahari, na si vibaya, bahari tunayo. Lakini nyumba za watu zinachukuliwa kwa karatasi, zinarudishwa kwa karatasi, na karatasi ni kazi yetu. Ukichaguliwa katibu, usione umetwishwa mzigo wa wazee. Andika kila kikao, tarehe, saa, nani kasema nini, nani kaahidi nini na lini. Weka nakala ya kila barua, dai saini ya aliyeipokea. Siku nyumba ya mjane itakapoandikwa jina la mtu mwengine, hakuna shairi litakaloirudisha. Ile nakala yenye saini ya mpokeaji huenda ikairudisha.